Kujifunza msamiati wa Kiingereza ukabaki nao: mwongozo kwa mwenye mwalimu na asiye naye

Maswali ni yale yale. Nianze wapi? Nihifadhi maneno mangapi kwa siku? Mbona nayasoma usiku, asubuhi yameshapotea? Mbona nikisoma naelewa, lakini nikitakiwa kusema mdomo unakuwa mzito? Lazima nitafute mwalimu, au nitaweza mwenyewe? Nimeyajibu mara nyingi, mtu mmoja mmoja, kwa vipande vipande. Hapa nayajibu yote kwa mpangilio, ili ukimaliza kusoma uweze kuanza leo hii.

Kwanza tuelewane jambo moja. Anayeanza hudhani msamiati ni orodha: upande huu Kiingereza, upande ule Kiswahili, katikati mstari. Orodha ya namna hiyo inakupa neno la kutambua, haikupi neno la kutumia. Neno ni lako siku unapoweza kulitoa kichwani mwenyewe, bila kuliona popote, ukaliweka kwenye sentensi pamoja na maneno linaloandamana nayo. Hatua zote zinazofuata zinaelekea huko.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari moja la msamiati tu. Usilichanganye na masomo mengine wala mahesabu ya nyumbani, maana utalifungua kila siku kwa miezi mingi.
- Kamusi mbili. Moja ya Kiingereza kwa Kiswahili, ya kukupa maana upesi. Nyingine ya Kiingereza kwa Kiingereza, lakini iwe ile iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza. Kamusi za wanafunzi hueleza maana kwa kutumia maneno ya kawaida kama 2,000 au 3,000 tu, na huonyesha mfano wa sentensi. Zipo za bure kwenye intaneti, na nyingi zina kitufe cha kusikiliza matamshi.
- Kadi. Kata karatasi ngumu vipande vya ukubwa wa kiganja, au tumia programu ya simu kama Anki. Zote mbili zinafanya kazi. Chagua ile utakayoishika kila siku.
- Sauti yenye maandishi yake: podikasti, hadithi iliyosomwa, au habari ambazo unaweza kuzisikiliza na kuzisoma.
- Dakika 30 kwa siku, saa ile ile. Dakika 30 kila siku zinashinda saa nne za Jumapili.
- Sababu. Iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Anayetaka kusoma vitabu vya uuguzi na anayetaka kuongea na wateja hawahitaji maneno yale yale, ukishavuka yale ya mwanzo.

Hatua ya 1: Jua ulipo

Kila lugha ina maneno machache yanayofanya kazi nyingi. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yanayomfaa zaidi anayejifunza. Mwaka 2013 ikatoka orodha mpya ya aina hiyo, yenye maneno kama 2,800, iliyotokana na hesabu za kompyuta. Ukiwa na maneno 2,000 ya mwanzo, unayafahamu takriban manne kati ya kila matano unayokutana nayo kwenye maandishi ya kawaida.

Tafuta orodha mojawapo uipitie na kalamu mkononi. Weka alama ya vema kwa neno unaloweza kulitumia sasa hivi, kwa sauti, kwenye sentensi. Weka nukta kwa neno unalolitambua ila huwezi kulitumia. Zungushia duara usilolijua kabisa. Usijidanganye, hakuna anayekusahihisha. Watu wengi waliosoma Kiingereza shuleni hukuta nukta ndizo nyingi kuliko zote, na hiyo ni habari njema: hayo maneno umeshayafikisha nusu ya njia. Anza nayo.

Onyo: usianze kuhifadhi kamusi kuanzia herufi A. Kamusi imepangwa kwa alfabeti, haikupangwa kwa faida yako. Ukiifuata utakutana na "abhor" mapema kabisa, na "want" ikusubiri mwisho wa kitabu.

Hatua ya 2: Chukua maneno manane kwa siku, siku tano kwa wiki

Manane yanatosha. Manane kwa siku tano ni 40 kwa wiki, na wiki 50 ni maneno 2,000. Anayeanza na 50 kwa siku huacha kabla mwezi haujaisha, kwa sababu marudio humlemea. Siku mbili zilizobaki ni za kurudia tu.

Nusu ya maneno hayo yatoke kwenye orodha yako, nusu yatoke kwenye kitu ulichosoma au kusikia wiki hiyo. Neno ulilokutana nalo mahali hukaa vizuri zaidi, kwa sababu unakumbuka na mahali penyewe.

Onyo: usijifunze pacha siku moja. "Borrow" na "lend" ni mfano mzuri. Kwa Kiswahili cha kila siku wengi wetu husema "nimeazima kalamu" na "niazime kalamu", kitenzi kile kile kwa anayechukua na anayetoa. Ukiyabeba yote mawili kwa mkupuo, yatagombana kichwani kwa miaka. Jifunze "borrow", litumie wiki mbili hadi liwe lako, ndipo umkaribishe "lend". Vivyo hivyo kwa "left" na "right", "Tuesday" na "Thursday", na maneno yanayofanana sura kama "quite" na "quiet".

Hatua ya 3: Andika neno pamoja na wenzake

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mfikirie mgeni anayejifunza Kiswahili. Ameambiwa "piga" maana yake ni kumchapa mtu. Kesho yake anasikia piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga deki, piga picha, piga hodi, piga magoti. Ataelewa nini? Sisi hatuoni ugumu wowote kwa sababu hatukujifunza "piga" peke yake. Tulisikia vifungu vizima tangu utotoni, tukavichukua vizima.

Kiingereza nacho kina "piga" zake. Simu kwa Kiingereza hutengenezwa: "make a call". Picha huchukuliwa: "take a photo". Dawa hainywewi, nayo huchukuliwa: "take medicine". Ndoto mtu huwa nayo: "have a dream". Redio na taa hazifunguliwi wala hazifungwi. Huwa ni "turn on" na "turn off", na "open" inabaki kwa mlango, kitabu na duka. Anayetafsiri neno kwa neno atasema "open the radio" na "drink medicine". Pengine ataeleweka, lakini kila sentensi itakuwa na kigugumizi, kwa sababu anajenga ukuta kwa tofali moja moja wakati wenzake wanabeba kuta zilizokwisha kujengwa.

Kwa hiyo kila neno kwenye daftari lipate mistari mitano:

1. Neno lenyewe na aina yake: nomino, kitenzi, kivumishi.
2. Silabi yenye mkazo, uipigie mstari chini yake.
3. Maana yake kwa Kiswahili, ile moja tu uliyokutana nayo. Maana nyingine zitakuja kwa wakati wake.
4. Wenzake wawili au watatu, kutoka kwenye kamusi ya wanafunzi.
5. Sentensi yako mwenyewe, iwe ya kweli, inayohusu maisha yako.

Mfano: "decision". Nomino, mkazo silabi ya pili, uamuzi. Wenzake: "make a decision", "a difficult decision", "a decision about". Sentensi: "Last year I made a difficult decision about my job." Ikiwa mwaka jana hukufanya uamuzi wowote kuhusu kazi, usiandike hiyo, tafuta iliyo yako. Sentensi ya kunakili kwenye kitabu husahaulika kama jina la mtu usiyemjua.

Ukishazoea, utaanza kuona kwamba mara nyingi neno la Kiswahili ni pana kuliko la Kiingereza. Mkono wetu ni mmoja, wao wana "hand" kuanzia kiganja na "arm" kutoka kifundo kwenda juu. Mguu kadhalika, "foot" na "leg". Kidole cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe". Sisi tunasikia sauti na tunasikia baridi. Wao sauti ni "hear", baridi ni "feel", kwa hiyo "I hear cold" haipo. "Bado" nayo ina sura mbili: "bado nafanya kazi" ni "I am still working", na ukiulizwa kama umemaliza, "bado" ni "not yet". Tenga kurasa mbili za mwisho wa daftari kwa maneno ya namna hii, uyaongeze kila unapoyakuta. Orodha hiyo ya kwako itakuwa na thamani kuliko ya kitabu chochote, kwa sababu ndiyo inayoonyesha Kiswahili chako kinapokuvuta.

Kuna pia vitenzi vinavyotembea na kihusishi au kielezi kidogo: "give up", "look after", "put off". Ukijumlisha "give" na "up" hupati kukata tamaa, kama vile ukijumlisha kukata na tamaa hupati kisu. Chukulia kila kifungu kama neno moja, kipe kadi yake. Usijifunze jamii nzima ya "look" siku moja. Onyo la pacha linahusu na hapa.

Hatua ya 4: Lisikie kabla hujaliamini jicho lako

Kiswahili kinaandikwa kinavyosemwa, na tabia hiyo hutudanganya tukifika kwenye Kiingereza. Angalia "though", "through", "cough" na "tough". Mwisho wa maandishi ni ule ule, lakini hutamkwa karibu na dho, thruu, kof na taf. Kwa hiyo utaratibu uwe huu: bonyeza kitufe cha sauti, sikiliza mara tatu, rudia kwa sauti mara tano, ndipo uangalie herufi.

Vitu vitatu ndivyo vya kuchunga. Cha kwanza ni mkazo. Sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Kiingereza huuhamisha: katika "photograph" uko mwanzo, katika "photography" uko silabi ya pili, katika "photographic" uko silabi ya tatu. "Record" yenye mkazo mwanzoni ni nomino, yenye mkazo mwishoni ni kitenzi. Mkazo ukikosewa, msikilizaji hulipoteza neno hata kama kila herufi umeitamka sawasawa.

Cha pili ni irabu. Tunazo tano, Kiingereza kina sauti za irabu zaidi ya kumi na tano. Fanya mazoezi ya jozi: "ship" na "sheep", "full" na "fool", "bad" na "bed". Jirekodi, kisha sikiliza kama umesema maneno mawili au moja mara mbili.

Cha tatu ni konsonanti zinazofuatana. Usiingize irabu katikati: "school" haina u baada ya s. "Walked" ni silabi moja, mwisho wake ni t. Ni "wanted" na "needed", vitenzi vinavyoishia na t au d, ndivyo vinavyoongeza silabi.

Lakini tuna mtaji ambao wengi duniani hawana. Wanafunzi wa lugha nyingine hutaabika miaka na sauti za "think" na "this". Kama unatofautisha thamani na dhamana, sauti zote mbili unazo tayari, na ng' ya ng'ombe ndiyo inayofunga "sing". Ukijikuta unasema "zis", rudi tu kwenye dhahabu yako.

Hatua ya 5: Jipime kwa kadi, kwa ratiba

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aliona kwamba usahaulifu huwa wa kasi sana saa na siku za mwanzo, kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushinda yaliyorundikwa siku moja. Kwa hiyo ukisahau maneno ya jana, akili yako ni nzima. Imefanya kile akili zote hufanya. Dawa ni kurudia mapema mwanzoni, kisha kwa nafasi zinazozidi kuwa ndefu.

Mwandishi wa habari Sebastian Leitner, mwaka 1972, alieleza njia rahisi ya kufanya hivyo kwa visanduku. Tengeneza vitano, hata bahasha zinatosha:

- Kisanduku cha 1: kila siku.
- Cha 2: baada ya siku mbili.
- Cha 3: mara moja kwa wiki.
- Cha 4: kila wiki mbili.
- Cha 5: mara moja kwa mwezi.

Kila kadi mpya huanzia cha kwanza. Ukiipata, inapanda kisanduku kimoja. Ukiikosa, inarudi cha kwanza, hata kama ilikuwa kwenye cha tano. Usiionee huruma. Programu za simu hufanya hesabu hizi zenyewe.

Mbele ya kadi usiandike neno la Kiingereza. Andika sentensi yenye pengo, na chini yake kidokezo cha Kiswahili: "I need to ____ a decision today. Kufanya uamuzi." Nyuma andika jibu. Kadi yenye neno la Kiingereza mbele hukufundisha kusoma. Yenye pengo hukulazimisha kulitoa neno, na kulitoa ndiko unakokuhitaji ukiwa unaongea.

Onyo kubwa la hatua hii: usigeuze kadi kabla hujajaribu. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo, sema jibu kwa sauti, hata liwe la kubahatisha, ndipo ugeuze. Kusoma daftari tena na tena hukupa hisia ya kujua, kwa sababu macho yamezoea ukurasa. Funga daftari uone kinachobaki. Na kadi za siku moja zikizidi 60, simamisha maneno mapya siku mbili hadi zipungue.

Hatua ya 6: Soma na sikiliza vya saizi yako

Mtafiti wa msamiati Paul Nation alikokotoa mwaka 2006 kwamba ili kusoma riwaya au gazeti kwa raha, ukifahamu maneno 98 kati ya kila 100, unahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, yaani neno pamoja na watoto wake, kama "decide" na "decision", huhesabiwa mara moja. Usikate tamaa kwa tarakimu hiyo. Tafuta maandishi ambayo wewe, kwa kiwango chako, tayari unajua 98 kati ya 100.

Vitabu vilivyorahisishwa kwa wanafunzi vipo kwa ajili hiyo, na vingi huandikwa kiwango kwa herufi za mfumo wa Ulaya uliotolewa mwaka 2001: A1 ndio mwanzo kabisa, C2 ndio juu kabisa. Kwa kusikiliza pia inawezekana. Mwaka 1959 Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Kiingereza chepesi, yakitumia maneno ya msingi kama 1,500 na kusomwa polepole, na habari za dunia nzima zilielezwa kwa maneno hayo.

Kipimo: hesabu maneno 100 ya kitabu. Usiyoyajua yakiwa mawili au matatu, soma. Yakizidi matano, kiweke, utakirudia. Ukisoma, usifungue kamusi kwa kila neno. Litafute lile lililojirudia mara tatu au linaloziba maana ya ukurasa mzima.

Kwa kusikiliza chukua dakika mbili tu za sauti. Sikiliza bila maandishi, kisha na maandishi, kisha bila tena, mwisho sema pamoja na msomaji. Dakika mbili zilizochimbwa hivi zinakufaa kuliko saa nzima ya sauti inayopita ukiwa unafanya kazi nyingine.

Hatua ya 7: Toa ulichoingiza

Kila jioni, daftari likiwa limefungwa, andika sentensi tano: tatu kwa maneno ya leo, mbili kwa maneno ya wiki iliyopita. Kisha jirekodi ukieleza siku yako kwa dakika mbili. Ukikwama kwenye neno, lizunguke kwa maelezo, halafu litafute baadaye. Hilo ndilo neno unalolihitaji kweli. Programu za akili mnemba zinaweza kukusahihishia, mradi uziombe zikuonyeshe kosa na sababu yake. Ukiziachia zikuandikie upya, zoezi limefanywa na mashine.

Hatua ya 8: Mtumie mwalimu kwa yale usiyoyaweza mwenyewe

Msamiati unaweza kuujenga peke yako. Hatua saba zilizopita hazimhitaji mtu. Kinachokushinda peke yako ni kusikia makosa yako mwenyewe, kwa sababu sikio lako limeyazoea. Hapo ndipo mwalimu anapostahili muda na ada yake. Usimlipe akusomee orodha.

Nenda kwake na vitu vitatu: sentensi tano ulizoandika, rekodi ya dakika mbili, na maswali mawili yaliyokutatiza wiki hiyo. Kisha omba, kwa adabu lakini waziwazi: "Mwalimu, naomba leo niongee zaidi, unisahihishe nikimaliza sentensi." Walimu wengi hufurahi kuombwa hivyo. Andika kila kosa alilokusahihisha, lipe kadi, liingize kwenye visanduku. Kosa lisiloandikwa utalilipia tena wiki ijayo.

Mwalimu mzuri utamjua kwa mambo haya: katika saa moja wewe umeongea angalau nusu yake, anakumbuka makosa yako ya mara iliyopita, anakupa kazi na anaisoma, na akiulizwa asilolijua husema ataliangalia. Si lazima awe amezaliwa na Kiingereza. Aliyekisomea kutoka kwenye Kiswahili anajua mahali utakapojikwaa, kwa sababu alipita hapo. Anayekuahidi ufasaha ndani ya siku 30, mwache.

Ukiwa kwenye darasa kubwa ambalo zamu ya kuongea haikufikii, chagua mwenzako mmoja mkubaliane dakika kumi baada ya kila kipindi, Kiingereza tu. Njia nyingine ni kubadilishana na mgeni anayetaka Kiswahili: nusu saa lugha yako, nusu saa yake, saa ikiwa mezani. Bila saa, lugha ya mwenye kujiamini zaidi humeza muda wote.

Yanapokwama

*Nasahau kila kitu.* Chunguza mambo mawili. Je, kadi zina sentensi yako au neno tupu? Na je, ulijipima, au ulisoma tu? Karibu kila mara jibu liko kwenye mojawapo. Neno lililorudi kisanduku cha kwanza mara tano, libadilishie sentensi, lichoree picha, au liache kwa mwezi mmoja.

*Naelewa lakini siwezi kusema.* Umefanya hatua ya 6 nyingi na ya 7 kidogo. Kwa wiki mbili punguza maneno mapya yawe matatu kwa siku, na muda uliookoa uutumie kujirekodi.

*Wanaongea haraka mno.* Mara nyingi si haraka. Kiingereza humeza maneno madogo kama "of", "to", "and", "can", na kubakiza yale yenye uzito. Unasubiri kusikia kila neno lililoandikwa, wakati nusu ya maneno hayo hayakutamkwa kikamilifu. Zoezi la dakika mbili la hatua ya 6 ndilo tiba: kwenye maandishi pigia mstari maneno yaliyomezwa.

*Nachanganya "he" na "she".* "Yeye" wetu hana jinsia, ndiyo maana. Kueleza kanuni hakusaidii, unaijua. Chukua picha za ndugu zako, kila siku sema sentensi tatu kwa kila mmoja, haraka haraka, kwa wiki tatu.

*Nakosea saa.* Saa yetu huanza kuhesabu kunapopambazuka, yao huanza usiku wa manane na adhuhuri. Saa moja asubuhi ni "seven in the morning", saa nane mchana ni "two in the afternoon". Mikutano mingi imekosekana hapa. Weka simu yako isome saa kwa Kiingereza, na kila ukiiangalia, itaje.

*Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani?* Kuelewa, vyote. Kuandika, chagua kimoja ubaki nacho: "colour" au "color", si leo hiki kesho kile. Kama mtihani au kazi yako imeshachagua, fuata.

*Naona haya, watu watanicheka.* Aibu hiyo ni ya kweli na inaumiza, sitakuambia ni ndogo. Anza na anayekutakia mema: mwalimu, au mwenzako mmoja anayejifunza kama wewe. Andaa sentensi kumi za kwanza na uzifanyie mazoezi hadi zitoke zenyewe, kwa sababu haya hukaba zaidi mwanzoni mwa mazungumzo. Na anayekucheka mara ya pili, usijifunzie mbele yake.

*Nimefika maneno 2,000, sasa sisogei.* Hapa orodha ya wote inaishia, na ukurasa wako wa kwanza wa daftari unaanza kufanya kazi. Kusanya maneno ya fani uliyoiandika pale, kutoka kwenye maandishi ya fani hiyo. Ikiwa lengo ni masomo ya juu, tafuta orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead, iliyotoka mwaka 2000, yenye familia 570. Kadi zile zile, visanduku vile vile, ila shusha idadi iwe familia tano kwa wiki, kwa sababu kila moja ina watoto: "analyse", "analysis", "analytical". Kila mtoto anahitaji sentensi yake, na mkazo wao, kama ulivyoona kwenye "photograph", hauketi mahali pamoja.